Nani Anakula Chaji ya Gari Langu Kizingo?

Mmeniuliza wengi kwa nini tulikawia Mombasa, na kila mmoja nimemjibu kipande. Njeri nilimwambia ni betri. Majirani niliwaambia mama hakutosheka na dadake. Ofisini nikasema ni barabara. Yote hayo ni kweli, ila si habari yenyewe. Basi nawaandikia nyote mara moja, tangu tulipotoka hadi simu aliyopigiwa mama baada ya sisi kurudi.

Nairobi hadi Mtito Andei

Safari ilikuwa ya mama. Dadake mkubwa, Bi Rukiya, ambaye mimi humwita mama mkubwa, alianguka ngazini akaumia mguu. Anaishi peke yake Kuze, mtaa wa kale wa Mombasa, katika nyumba waliyozaliwa wote. Mama akasema hawezi kuendelea kumjulia hali kwa simu kama mtu baki. Safari ya basi humtia kizunguzungu, na treni haitaki. Tukachukua gari langu la umeme.

Gari lenyewe nililinunua likiwa limetumika, na nusu ya maandishi kwenye kioo chake ni ya Kichina ambayo sijui yanasema nini. Lina kamera za ulinzi: likiwa limeegeshwa na mtu akalisogelea, humpiga picha na kuniletea kwenye simu. Kwenye simu hiyo huona pia chaji iliyobaki na kama milango imefungwa. Basi, zaidi ya hapo halinielezi kitu.

Mnanijua. Mimi si mtu wa kuamini haraka. Tulipofika Mtito Andei nikaunganisha waya kwenye mashine ya kuchajia ya hoteli, na bwana mmoja mwenye koti akaja kusimama karibu mno.

"Dada, hili linakunywa nini?"

"Umeme."

"Na likiishiwa njiani, unalisukuma mpaka kwa nguzo?"

Akacheka peke yake. Sikucheka. Nilimwona akitazama mlango wa nyuma, na mizigo yetu ilikuwa pale. Nikakataa kuondoka garini hata kwenda kula. Mama aliponiletea chapati na maharage nikamfundisha namna ya kuwasha kiyoyozi bila kuendesha, kwa kuweka ile kadi ya kufungulia mahali pake na kubonyeza alama ya feni. Kadi zilikuwa mbili. Moja nikampa aitie mkobani, ili nikiibiwa yangu tusikwame. Yule bwana wa koti, kumbe, alikuwa dereva wa basi la shule lililoegeshwa nyuma yetu, akingoja nisogee apate kutoka.

Voi, mahali tulipokaa zaidi ya tulivyotaka

Voi mhudumu alituambia umeme umepotea. Nikamwambia mbona friji ya soda inanguruma. Akasema ni jenereta, na jenereta haiwezi gari. Nikashika njia nikaenda duka la pili na la tatu kuuliza, na kila duka lilikuwa giza tupu. Niliporudi mhudumu alikuwa amenivutia kiti kivulini. Aibu ilinipata kidogo, lakini haikukaa.

Tulingoja mpaka jua likapinda. Mama alikula mbuzi wa kuchoma na kuongea na kila aliyepita. Umeme ulirudi, tukajaza, tukateremka pwani nyuma ya msururu wa malori ya Mariakani yaliyosimama kama yamepandwa pale.

Kabla ya kuingia kisiwani nilipitia upande wa Nyali kuongeza chaji. Mashine ilifanya kazi muda mfupi, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Fundi wao akasema kipuri hakipatikani wiki hiyo. Gari lilikuwa na asilimia themanini na kitu. Nikapiga hesabu: kurudi Voi ni kupanda, na kwa kupanda huko nahitaji si chini ya sitini. Basi ziada yangu ndiyo hiyo ndogo, na gari litakaa wiki nzima bila kutembea. Nikajiambia, halitembei, litamaliza nini?

Kizingo

Kuze magari hayaingii. Vichochoro vyake ni vya miguu na mikokoteni. Kwa hiyo gari tuliliacha Kizingo, kwa Bwana Karim, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba. Nyumba yake ni kubwa, ina miti na ukuta, na lango lina mlinzi aitwaye Charo.

Bwana Karim alitupokea kwa salamu ndefu: hali ya mama, hali yangu, hali ya kila aliye hai, dua kwa kila aliyekufa. Kisha akanionyesha gereji.

"Egesha hapa, mwanangu, pana kivuli. Lakini soketi hii usiiguse. Nyaya za nyumba hii alizitia babu yangu. Ukichomeka gari, utatuchoma sote."

Alisema kwa upole, ila mimi nilisikia mtu anayechunga umeme wake. Nikawasha kamera za ulinzi mbele yake, ajue.

Kuze

Mama mkubwa alitupokea akiwa kitini, mguu juu ya kigoda, na akaanza kutuamrisha hapo hapo. Mahamri yalikuwa yameshachomwa na jirani, mbaazi za nazi ziko jikoni, na mbona mama amekonda. Dada hawa wawili hawakumaliza sentensi hata moja kwa muda wa saa nzima, kila mmoja akimkata mwenzake.

Nyumba ile ina jina moja ambalo halitajwi. Ni jina la ndugu yao, Athmani. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa walii wa dada zake, mwenye idhini ya kuwaozesha. Mama mkubwa alikuwa na mchumba, mtu wa watu, na kila kitu kilikuwa tayari. Mjomba Athmani akakataa kumwozesha. Sababu yake hajaisema mpaka leo, au aliisema na hakuna aliyeikubali. Mchumba akaondoka, mama mkubwa hakuolewa tena, na mjomba akafungiwa mlango. Mama alishika upande wa dadake. Mimi mjomba huyo sikuwahi kumwona hata kwa picha.

Kutoka Kuze gari nililiona kwa simu tu. Siku ya kwanza kamera ziliniletea picha ya Charo akiegemea boneti. Kisha paka. Kisha Bwana Karim akipitisha kiganja juu ya paa la gari polepole, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha Charo tena. Kila picha nilifungua, na baada ya kila picha nikatazama chaji, na chaji ilikuwa imeshuka. Siku ya pili ilishuka zaidi. Nikampigia Njeri, maana yeye ana gari kama langu.

"Kamera umeziwasha?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na kwenye simu unachungulia mara ngapi?"

"Mara kwa mara."

"Basi mwizi ni wewe," akasema. "Kamera zikiwa macho, gari lote liko macho. Na kila ukichungulia unaliamsha. Zima kamera, acha kuchungulia, tazama asubuhi na jioni tu. Gari likilala halimalizi kitu."

Nilizima siku hiyo hiyo, na wakati wa chakula cha mchana nikawaeleza.

"Nimezima kamera."

Mama akainua macho. "Zote?"

"Zote."

"Kwa hivyo mtu akilisogelea huwezi kumwona?"

"Siwezi."

Akajiongezea samaki wa kupaka. Mama mkubwa akasema vyema, gari nalo liachwe lipumzike.

Siku iliyofuata chaji haikushuka. Nikamshukuru Njeri. Siku ya baada yake, asubuhi ilikuwa vile vile, na jioni ilikuwa imeanguka asilimia saba. Kesho yake hivyo hivyo: asubuhi salama, jioni imeliwa. Milango imefungwa, kamera zimezimwa, gari liko gerejini. Mtu alikuwa akilitumia mchana.

Mama alikuwa haonekani mchana siku hizo. Alisema amempata rafiki wa chuoni, Mwana Esha, aliyehamia Ganjoni, na kila baada ya adhuhuri alipanda tuktuk kwenda kumzuru. Alirudi saa ya chai. Siku moja alinishika shavu na kiganja chake kilikuwa baridi kama kimetoka mtungini, jua lile la Mombasa likichoma nje. Nikadhani nyumba ya Mwana Esha ina kiyoyozi. Kichwa changu chote kilikuwa kwa Bwana Karim.

Kizingo tena

Nilikwenda asubuhi. Charo aliponiona alifungua lango kwa haraka mno.

"Charo, nani anaingia kwenye gari langu?"

"Mimi sijaingia, dada."

"Sijauliza kama wewe umeingia."

Akakohoa, akatazama nyumba. "Muulize mzee."

Bwana Karim alinikaribisha barazani, akaagiza chai ya maziwa yenye iliki na sahani ya kachori. Sikugusa. Nikamweleza hesabu: nilikuja na themanini na kitu, sasa nina hamsini na kitu, na sitini ndizo za kunifikisha Voi.

Alikoroga chai yake iliyokwisha korogwa. "Hakuna mtu wa nyumba hii aliyeligusa gari lako, mwanangu."

"Mtu wa nyumba hii. Na mtu asiye wa nyumba hii?"

Nilimwona wazi akitafuta neno na kulikosa. Mtu asiye na lake hatafuti neno.

"Baba alikuamini sana," nikasema.

Lilikuwa neno baya na nililisema nikijua. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Na mimi nilimwamini yeye, na mamako, na wewe," akasema. "Kunywa chai, binti yangu. Inapoa."

Nikainuka. Nikamwambia kesho alasiri nitakuja kulichukua gari nilipeleke Shimanzi, kwenye yadi ya malori. Huko angalau hakuna anayejifanya jamaa. Alinisindikiza mpaka langoni vile vile.

Niliporudi Kuze nikamwambia mama. Alibadilika uso.

"Shimanzi? Kwenye vumbi lile na makontena? Muache Bwana Karim wa watu!"

"Wamteteaje, mama? Analitumia gari letu."

"Umemwona?"

"Sijamwona."

"Basi."

Akaingia chumbani. Mama hajawahi kuniachia mazungumzo nusu. Nikaanza kushuku hata yeye anajua jambo. Hapo ndipo nilipoazimia kutongoja alasiri. Mtu ukimpa saa, hujipanga.

Mchana uliofuata, gerejini

Nilikwenda mara tu baada ya adhuhuri. Charo aliponiona alifungua mdomo, na mimi nikampita. Gereji ilikuwa kimya, ila kimya chenye mvumo, na nilipokaribia nikaona vioo vya gari vimeloa maji kwa nje, kama gilasi ya maji ya barafu. Ndani mlikuwa na baridi. Kiyoyozi kilikuwa kinawaka.

Nikafuta kioo kwa kiganja. Kwenye kiti cha mbele, upande usio wa dereva, alikaa mzee mwembamba, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, macho kayafumba.

Nikapiga kioo kwa ngumi. "Mwizi! Toka! Charo! Bwana Karim! Nimemshika!"

Mzee akashtuka, akainua mikono miwili juu. Na kutoka upande wa dereva, nyuma ya ule ukungu, nikasikia sauti ninayoijua tangu kuzaliwa.

"Munira! Nyamaza! Wataka mtaa wote ujae hapa? Huyu ni mjombako!"

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa nyuma ya usukani kama dereva wa teksi, kadi mahali pake, mkoba mapajani, na kati yao kifurushi cha viazi karai kilichofunguliwa.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka mjomba Athmani alishuka, akanisalimu kwa heshima kuliko niliyostahili, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Sikujua kama baridi nayo ina hesabu yake."

Walinieleza pale pale, wamesimama. Anaishi Likoni, ng'ambo ya feri. Alimpigia mama simu Nairobi baada ya miaka mingi ya kimya, akamwambia anataka radhi ya Rukiya kabla hawajawa wazee wa kusahau walichogombania. Mama akamwahidi kuonana naye. Kwa miguu, kutoka kivuko cha feri mpaka Kizingo si mbali kwa kijana, lakini yeye kifua chake hakipendi joto, na alifika akihema. Bwana Karim aliwaomba waingie sebuleni. Mjomba alikataa. Alikuwa ameapa kuwa hataingia nyumba ya mtu yeyote kisiwani mpaka aingie ya dadake.

"Na gari si nyumba," mama akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uso wako huandika kila kitu. Dada angekusoma kabla hujavua viatu."

"Na Bwana Karim?"

"Nilimwekesha siri. Ameitunza."

Nikageuka. Bwana Karim alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, amekuja kwa kelele zangu. Jana yake nilimwita mwizi kwa kupitia jina la baba, naye alikubali kuitwa hivyo ili asitoe amana ya mama. Nilimwendea nikamshika mkono kwa mikono miwili. Nilitaka kusema maneno mengi, yakaja mawili tu.

"Niwie radhi."

"Jana hukunywa chai," akasema. "Leo utakunywa?"

Nikanywa, nikala na kachori, na machozi yalinichanganyikia na pilipili.

Kutoka Kuze kwa tuktuk

Chaji ilikuwa arobaini na tisa. Kwenda Voi haiwezekani. Lakini nilipowatazama wale wawili nikaona gari ndilo dogo katika mambo yaliyoishiwa nguvu pale. Siku zote hizo walizokaa kwenye baridi, mjomba hakuthubutu kuvuka kwenda Kuze, na mama hakuthubutu kumtaja. Wangeendelea hivyo mpaka turudi Nairobi.

Nikasema mimi nitamwambia mama mkubwa. Mama akanikataza. Mjomba hakukataza.

Nilirudi Kuze nikamkuta mama mkubwa akichambua mchele. Sikukaa.

"Mama mkubwa, mjomba Athmani yuko Kizingo, ndani ya gari langu. Mama yuko naye. Anataka radhi yako. Ukitaka nimrudishe Likoni, nitamrudisha. Ukitaka kuja, tuktuk inangoja mwisho wa kichochoro."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Nilisikia watoto wa madrasa ya jirani wakikariri kwa pamoja, wakakosea, wakarudia. Akatoa chuya moja, akaitupa, akatoa nyingine.

"Amezeeka?" akauliza.

"Sana."

"Nipe buibui langu."

Aliniegemea mpaka mwisho wa kichochoro. Nilimshika kila tuktuk iliporuka tuta, kwa sababu ya mguu. Tulipofika gerejini mjomba akataka kushuka, mama mkubwa akamwashiria akae. Nikamfungulia mlango wa nyuma, akaingia akakaa nyuma ya ndugu yake, akiutazama mgongo wake. Mama na mimi tulisimama nje. Mlango ulibaki wazi, kwa hiyo tulisikia.

"Zima baridi hii," mama mkubwa akasema. "Yaniumiza mguu."

Mama akaingiza mkono, akazima.

"Rukiya," mjomba akasema bila kugeuka, "nilikuwa na kiburi. Yule mtu hakuwa na kosa. Alikuja kuniomba bila kunyenyekea kama nilivyotaka, basi. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine."

Nilidhani mama mkubwa atalia, au atamtukana. Nilijiandaa kwa yote mawili.

"Miaka yote nilidhani ulijua aibu fulani yake," akasema hatimaye. "Nilimshuku yeye. Nikajishuku na mimi. Kumbe hapakuwa na kitu."

"Hapakuwa na kitu. Nakuomba radhi."

"Nimekusikia. Kusikia ni leo. Kusamehe siwezi kukuahidi siku." Akavuta buibui lake, akajiandaa kushuka. "Njoo Ijumaa baada ya sala. Ukifika bisha hodi kama mgeni. Usisukume mlango kama mwenye nyumba."

Shimanzi

Kwa hiyo yadi ya malori nilikwenda vile vile, ila si kwa hasira. Mpwa wa Bwana Karim ana kampuni ya usafirishaji huko, na godauni lake lina soketi kubwa ya mashine. Kwa soketi hiyo gari lilijaa polepole, siku nzima na sehemu ya siku ya pili. Hapo ndipo mlipokuwa mkinipigia na mimi nasema niko njiani.

Nilikaa juu ya pipa kati ya makontena. Madereva walikuja mmoja mmoja kuuliza. Mmoja akataka kujua kama mvua ikinyesha gari litampiga shoti. Mwingine alinipa muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, na nikaupokea na kuula bila kumuuliza ameutoa wapi. Nawaambia ili mjue nilikuwa nimechoka kiasi gani.

Mkiniuliza la gari, ni hili: zimeni kamera, msichungulie kila mara, liegesheni kivulini, na kadi zote mbili kaeni nazo wenyewe.

Nairobi

Tuliondoka kabla ya Ijumaa, kazi haikuningoja tena. Voi umeme ulikuwapo. Yule mhudumu alinikumbuka akanivutia kiti, na safari hii nilikaa.

Ijumaa mama alishinda na simu mkononi. Alipika wali ukaungua. Adhuhuri ikapita, alasiri ikakaribia, hakuna simu. Mimi tayari nilishasema mjomba hakwenda, au alikwenda na hakufunguliwa. Hatimaye simu ikalia, mama akaiweka sauti ya wazi nami nisikie.

"Alikuja?" mama akauliza kabla ya salamu.

"Alikuja," mama mkubwa akasema. "Alibisha hodi, nikanyamaza. Akabisha ya pili, nikanyamaza."

Mama akaziba mdomo kwa kanga. Sote tunajua hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni huenda zake.

"Kisha?"

"Kisha akakaa kimya muda mrefu, Zuhura. Muda mrefu, hata nikainuka na huu mguu kutazama dirishani kama ameshaondoka. Alikuwapo, amesimama juani, mkono ameuinua, anaogopa kuitumia ya mwisho."

"Akabisha?"

"Hakuwahi," akasema mama mkubwa. "Nilimwambia karibu."